Kaptagat na Kuringa kwa Watu Wasioringa

Wasee, kuna kuringa kwa kawaida, kule kwa saa ya dhahabu na picha za Dubai. Huko tunakujua na tunakucheka. Leo nataka tuongee kuhusu kule kwingine, kwa mtu anayeposti sufuria nyeusi ya ugali na kuandika, "Sisi watu wa kawaida hatuhitaji mambo mengi." Hapo chini watu wanaanza kushindana: mimi piza sijawahi kuonja, mimi kahawa ya mashine siwezi kumeza, mimi nilisoma bila viatu. Ukisema tu kwamba wewe piza unaipenda, umekuwa babi, hujui ulikotoka.

Na mjadala ukikolea, lazima mtu alete Kaptagat. "Kipchoge anaosha choo, wewe nani?"

Mimi ni wa Eldoret, kwa hivyo Kaptagat kwangu ni safari ya matatu tu. Ni msitu, baridi, viazi, barabara za udongo mwekundu, na hewa nyepesi ya mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo kocha Patrick Sang, aliyeleta nyumbani medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kutoka Barcelona 1992, anawafundisha watu wake. Eliud Kipchoge alikuwa mwanafunzi wake hata kabla ya kuwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele kule Paris mwaka 2003. Maisha ya kambi yamesimuliwa dunia nzima: wiki unalala kambini, wikendi unaenda kwa familia, unafua nguo zako kwa mkono, unakula ugali na mboga, na kuna zamu ya kusafisha vyoo. Bingwa wa Olimpiki mara mbili naye yuko kwenye hiyo zamu.

Hiyo zamu mimi naiheshimu, tena sana. Fikiria nyumba moja yenye mtu wa mamilioni na kijana ambaye hajawahi kulipwa hata kwa mbio moja. Asubuhi na mapema wanatoka pamoja gizani. Alhamisi kuna mbio ndefu, kilomita 30 wiki hii, 40 wiki ijayo, na yule wa mamilioni anahitaji wenzake wamsukume mpaka mwisho. Angekuja na mpishi wake na mtu wa kumbebea begi, nani angejiumiza kwa ajili yake kwenye kilomita ya 35? Kwa macho yangu, ile brashi ya choo ni kifaa cha kazi kama saa ya mkononi. Haijasema popote kwamba anayekula piza ni mtu mbaya.

Lakini sisi tunaichukua hadithi na kuikata pale tunapopenda. Sufuria tunaionyesha, viatu tunavisahau. Tarehe 12 Oktoba 2019, Kipchoge alipomaliza marathoni Vienna kwa 1:59:40, alikuwa na wakimbiaji 41 wa kumwekea kasi kwa zamu, gari lililomulika mistari ya leza barabarani, pesa za INEOS, kampuni ya kemikali ya bilionea Jim Ratcliffe, na kiatu cha Nike ambacho dukani hakikuwepo. Miezi michache baadaye, Januari 2020, World Athletics ikaweka kikomo cha soli ya viatu vya barabarani kuwa milimita 40. Vaporfly, babu ya kiatu hicho, iliingia sokoni 2017 kwa dola 250. Kwa hivyo vitu vya bei viko Kaptagat, manze. Viko miguuni.

Huu upendo wa mwanariadha asiye na kitu ni wa zamani. Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma peku. Alikuwa amezoea kufanya mazoezi hivyo, na viatu alivyopata huko havikumkaa vizuri. Muda wake ulikuwa 2:15:16. Miaka minne baadaye akaenda Tokyo, akavaa viatu na soksi, akashinda tena, safari hii kwa 2:12 na sekunde kidogo. Dakika tatu chini! Haya, muulize yeyote mtaani kuhusu Bikila. Utaambiwa ya Roma. Ya Tokyo haina utamu, kwa sababu ndani yake Mwafrika ana kiatu kizuri kama mtu mwingine yeyote. Wageni waliokuja huku kwetu baadaye walitaka hadithi ile ile, mtoto anayekimbia peku kwenda shule, na sisi tukazoea kuwapa.

Kisha siasa nayo ikajifunza. Kampeni za 2022, William Ruto, mtu wa hapa hapa Uasin Gishu, alijiita hasla, akasimulia alivyouza kuku kando ya barabara, na wilibaro ikawa alama ya chama chake. Wakati huo alikuwa amekaa miaka tisa kwenye kiti cha naibu wa rais. Umaskini wa zamani ukawa cheti, na aliyekosa cheti hicho akaitwa mtoto wa ukoo tawala. Kufika Juni 2024, vijana waliojaa barabarani kupinga mswada wa fedha walikuwa wanahesabu bei ya saa na mishipi ya viongozi hao hao.

Majuzi niliongea na kijana aliyekodi chumba huko Kaptagat, anangoja siku ajenti atamwona. Soli ya kiatu chake cha mtumba imerudishwa na gundi mara mbili. Nikamwuliza anaonaje hizi posti za maisha ya kawaida. Akacheka. "Bingwa akifua kwa mkono mnaita nidhamu. Mimi nikifua kwa mkono mnaita nini? Hiyo ni Jumamosi tu."

Halafu akaniuliza kama namjua mtu Eldoret anayeuza viatu vya kukimbilia, namba 42, ambavyo havijaisha sana. Kama unamjua, niandikie.