Homa ya ini: Safari ya kimya hadi saratani

WAGONJWA wengi wa saratani ya ini hugundulika maradhi yakiwa yamekomaa, ilhali chanzo chake mara nyingi ni virusi vilivyoingia mwilini miaka 20 au 30 kabla.

Virusi hivyo ni vya homa ya ini aina ya B na C. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na aina ya B na milioni 50 aina ya C.

Aina zote mbili huenezwa kwa damu. Aina ya B huenezwa pia kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Takriban asilimia 90 ya watoto wachanga wanaoambukizwa aina hiyo hubaki na virusi. Kwa watu wazima ni chini ya asilimia 5.

Virusi vinapodumu, kinga ya mwili hushambulia chembe za ini zilizoambukizwa. Chembe hufa, mpya huzaliwa, na makovu hujengeka. Yakitapakaa, ini hukakamaa na kushindwa kazi, hali iitwayo sirosisi. Kadiri chembe zinavyojizalisha upya, kasoro za vinasaba huongezeka na saratani hupata nafasi.

Aina ya C kwa kawaida hupitia sirosisi kwanza. Aina ya B yaweza kuruka hatua hiyo, kwani vinasaba vyake hujipenyeza ndani ya vile vya chembe za ini. Pombe, pamoja na sumukuvu ya mahindi na karanga, huzidisha hatari.

Kinga ipo. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na kufikia 1994 saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua kwa takriban nusu. Tanzania iliingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla hawakuipata utotoni.

Aina ya C hupona kwa vidonge. Aina ya B hudhibitiwa kwa dawa. Mwenye sirosisi hushauriwa kupimwa ini kwa altrasaundi kila miezi sita, hata baada ya kupona virusi.

Macho kuwa ya manjano na tumbo kujaa maji ni dalili za kuchelewa. Kipimo cha damu hutangulia dalili hizo kwa miaka mingi.