Majina Mawili katika Kitabu cha Ubatizo

Tarehe 23 Desemba 1943, katika misheni ya Nyegina iliyo jirani na mji wa Musoma, mwanafunzi mmoja wa Makerere, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama ambaye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, alibatizwa akapewa jina la Julius. Mwenye kudhani kwamba siku hiyo jina lake la kale, Kambarage, lilifutwa na maji ya ubatizo atakuwa amefanya pupa, kwa kuwa hilo Kambarage nalo halikuwa jina lake la awali: yasimuliwa kwamba alipozaliwa mwaka 1922 aliitwa Mugendi, na baadaye kidogo, kwa shauri la mwaguzi, akaitwa Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua. Wazanaki wa Butiama, basi, walikuwa na ada yao ya kubadili majina tangu kabla ya padri yeyote kupanda kilima cha Butiama.

Ama Biblia, humo jina si alama tupu ya kumtenga huyu na yule. Abramu aliitwa Abrahamu pale agano lilipofungwa, Yakobo akaitwa Israeli baada ya kushindana usiku kucha, na Simoni akaitwa Petro kwa ajili ya kazi aliyokabidhiwa. Na kwa mifano hiyo walimu wa imani wamefundisha kwamba ubatizo, maadam ni kuzaliwa upya, wastahili jina. Walakini Maandiko hayohayo yanajua pia jina litokalo kwa mwenye nguvu: Nebukadreza alipomtawaza Matania juu ya Yerusalemu iliyokwisha shindwa, alimbadili jina akamwita Zedekia, na Danieli huko Babeli akaitwa Belteshaza. Nalikumbuka jambo hili kila nisomapo habari za Zedekia Kisare, aliyewekwa mwaka 1967 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite nchini Tanzania, kanisa ambalo wamisionari wake walifika Shirati mwaka 1934. Jina lake la ubatizo lilipata kuwa jina la mfalme aliyetawazwa na adui. Na ajabu yake ni kwamba maana yake, yaani Bwana ndiye haki, yamshuhudia Mungu wa walioshindwa, si mungu wa mshindi.

Watu wengi husema, tena mimbarani, kwamba Sauli aligeuzwa jina akawa Paulo njiani kwenda Dameski. Kitabu cha Matendo ya Mitume hakisemi hivyo. Baada ya kuongoka aliendelea kuitwa Sauli hata sura ya 13, akiwa Kipro, ndipo mwandishi anapotaja kwamba huyo Sauli ndiye pia Paulo; mtu mmoja, Myahudi wa Tarso na raia wa Rumi, mwenye majina mawili yasiyogombana. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, iliyokuwa ikitumika Nyegina siku ile, ilielekea upande huohuo katika kanuni ya 761: padri ajitahidi mbatizwa apewe jina la Kikristo, na ikishindikana aliongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilochagua wazazi, kisha ayaandike yote mawili.

Jina la Julius huwapeleka wengi kwa Kaizari, hasa kwa kuwa Mwalimu Nyerere, ndiye yule mbatizwa wa Nyegina, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari huyo mwaka 1963. Lakini Biblia inaye Julius wake, aitwaye Yulio katika Kiswahili cha Biblia, akida wa kikosi cha Augusto aliyempeleka Paulo Rumi akiwa mfungwa, akamruhusu huko Sidoni kuwaendea rafiki zake, na merikebu ilipovunjika akawazuia askari wasiwaue wafungwa. Uzeeni Mwalimu alizitunga Injili na Matendo ya Mitume kwa bahari ya utenzi, zikachapwa mwaka 1996. Hivyo safari ya somo yake huyo nayo ilipitia mkononi mwake, mizani kwa mizani.

Kanuni ya 855 ya sheria mpya ya mwaka 1983 haidai tena jina la mtakatifu. Yatosha jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri, na endapo siku moja utafika ukomo wake, mapadri wa Musoma, na wa Jimbo jirani la Bunda lililoundwa mwaka 2010, watakapowabatiza watoto kwa jina la Kambarage, kama sheria hiyo inavyoruhusu hata sasa, watakuwa wakiwapa jina la mwenye heri. Atakayeshtuka kwamba ni jina la mzimu na atazame ng'ambo ya ziwa: mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi wa Uganda, na mmoja wao ni Yosefu Mukasa, ambaye Mukasa yake ni jina la mzimu ambao Waganda waliuabudu kuwa mwenye ziwa hilihili la Nyanza.