Nyumba Kumi: Habari Inapanda, Jibu Halishuki

Nyumba Kumi haikuzaliwa Kenya, wasee. Jina tuliliazima Tanzania. Huko, miaka ya 1960, TANU iliwapanga watu katika vikundi vya nyumba kumi kumi, kila kikundi na kiongozi wake aliyeitwa balozi. Balozi alipeleka mambo ya watu kwa chama na akaleta mambo ya chama kwa watu. Ukigombana na jirani, ulianzia kwake kabla ya kufika mbali. Sitaki kuipaka sukari: hiyo pia ilikuwa njia ya chama kimoja kuingia mpaka mlangoni kwa mtu. Lakini angalau kwa muundo wake, barabara ya balozi ilikuwa ya kwenda na kurudi.

Sisi tulichukua jina, tukajenga barabara ya kwenda tu.

Najua ukimwambia kijana wa Nairobi leo ashirikiane na polisi, atakuangalia kama umerukwa na akili. Wazee nao wanasema vijana wameharibika, hawapendi usalama. Mimi nasema hapana. Hiyo hofu ina historia, na tukiifuata tutaona kwa nini mpango ambao kwa karatasi ni mzuri umekwama mtaani.

Tuanze 1902. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wakuu wa vijiji, halafu 1912 ikaja nyingine ya kuwapa nguvu zaidi. Chifu hakuchaguliwa na watu wake, aliteuliwa na mzungu. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi, kutafuta vibarua, kutuliza watu na kujua nani yuko wapi. Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kufanya kazi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika alitakiwa kutembea nacho, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Harry Thuku alipopinga mambo kama hayo alikamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu 21 waliokufa. Wengine walisema ni wengi zaidi.

Kwa hivyo toka mwanzo, polisi na chifu hawakuwekwa kumlinda mwananchi. Waliwekwa kumhesabu.

Miaka ya hali ya hatari ilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Kuanzia 1953 serikali iliunda kikosi cha Home Guard, raia waliopewa silaha kuwalinda na kuwachunga raia wenzao. Aprili 1954 jeshi na polisi walizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakakagua watu mtaa kwa mtaa. Hapo ndipo walipotokea gakunia, watoa habari waliofunikwa gunia kichwani, macho tu yakionekana kupitia matundu. Unapita mbele yake. Akitingisha kichwa, umeenda. Huwezi kumuuliza ulifanya nini, huwezi hata kumjua. Anaweza kuwa jirani mliyekopeshana chumvi.

Huko Mkoa wa Kati, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyochungwa. Shosho zetu walipitia hayo. Ukishangaa kwa nini mtu mzima ananyamaza akiulizwa na askari swali la kawaida tu, usifikirie ni ukaidi. Kuna familia zilijifunza kwamba neno moja linaweza kumaliza boma.

Bendera ilibadilika 1963, lakini sheria ya machifu ikabaki. Chifu aliendelea kuteuliwa, na aliendelea kuwa na mamlaka ya kuzuia mikutano na hata kuwalazimisha watu kufanya kazi za umma. Ilibidi tungoje hadi marekebisho ya 1997, wakati wa presha ya mageuzi, ndipo meno mengi ya sheria hiyo yang'olewe. Katikati hapo, miaka ya 1980, vijana wa KANU walijipa kazi ya kuwachunga wenzao: nani anasema nini, nani si mwaminifu kwa chama. Ilikuwa ni raia kumripoti raia tena. Habari zilipanda, na kilichoshuka kilikuwa adhabu.

Sasa, haki itendeke. Kumekuwa na watu waliojaribu kwa moyo safi. Mapema miaka ya 2000, mpango wa polisi na jamii ulijaribiwa Kibera na Isiolo, sehemu mbili ambazo zilikuwa na kila sababu ya kutowaamini polisi. Wazo lilikuwa rahisi: kaeni meza moja, mtaje shida pamoja, mgawane kazi ya kuitatua. Aprili 2005 Rais Kibaki aliuzindua mpango huo rasmi hapa Ruai.

Haikufika miaka mitatu, uchaguzi wa Desemba 2007 ukatupasua. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Kati yao, 405 walikufa kwa majeraha ya risasi. Na fikiria, waliokuwa na bunduki kwa wingi nchini wakati huo walikuwa nani? Huwezi kukaa meza moja na mtu Jumatatu, Jumanne akurushie risasi, halafu Jumatano urudi kwa kikao.

Baada ya hapo tuliandika vitu vizuri sana. Katiba ya 2010, kifungu cha 244, inaitaka Huduma ya Polisi kujenga uhusiano na jamii kwa upana wake. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 ikaweka kamati za polisi na jamii. Mimi si wakili, na chuo chenyewe sikumaliza, lakini sheria hiyo inasomeka. Inasema moja ya malengo ya mpango huu ni kuongeza uwazi ndani ya polisi na uwajibikaji wao kwa jamii. Soma hapo tena. Haisemi tu raia awape polisi habari. Inasema polisi wawajibike kwa raia. Sheria hiyo hiyo ilitaja mamlaka za polisi za kaunti zikiongozwa na gavana, ili watu wa mashinani wapate mahali pa kuuliza maswali. Kwa miaka mingi zilibaki kwa karatasi.

Halafu ikafika tarehe 21 Septemba 2013. Westgate. Watu 67 waliuawa, na nchi nzima ikaingiwa na baridi. Swali ambalo kila mtu aliuliza lilikuwa la haki: hao watu waliishi wapi wakipanga haya, na majirani hawakuona? Jibu la serikali likawa Nyumba Kumi. Mjue jirani yako. Kamati ya kitaifa ikapewa Joseph Kaguthi, mkuu wa mkoa wa zamani, na kule chini kazi ikapewa machifu na manaibu wao.

Hapo ndipo naona tulikosea njia. Sheria ya 2011 ilikuwa tayari na kamati zake, zenye sauti ya raia, na polisi ndani yake. Badala ya kuzipa nguvu, tulirudi kwenye ile ngazi ya 1902: mzee wa mtaa, naibu chifu, chifu, kwenda juu. Mwaka haukuisha, Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakiwa Wasomali wa Eastleigh, na wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Mwambie mtu aliyelala Kasarani bila kosa kwamba sasa aende kwa mzee wa nyumba kumi akatoe habari. Atakuambia nini?

Nimeishi ploti ambayo ilipangwa kwa Nyumba Kumi. Tuliitwa kikao, tukaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kazi. Mzee mmoja akasimama akasema tuangalie sana vijana wanaoamka saa nne na hawana kazi ya kueleweka. Hiyo ni mimi na nusu ya ploti. Mama mmoja akauliza kuhusu taa ya kwa geti, ambayo ilikuwa imekufa na wasichana walikuwa wananyang'anywa simu hapo hapo. Akaambiwa hiyo si ajenda ya leo. Orodha ilienda juu na majina yetu yote. Taa haikurudi.

Sisemi Nyumba Kumi haina faida. Ploti ikijuana, mtoto akipotea anapatikana haraka. Mwanamke anayepigwa usiku anajua mlango wa kugonga. Mgeni akifungua geti na godoro la mwenyewe, mtu anauliza. Hiyo ni ulinzi, na hakuna karao anaweza kukufanyia kazi hiyo akiwa kituoni. Na pia kweli, kuna polisi wanaishi kwa nyumba mbovu kuliko zetu na wanataka hii kitu ifanye kazi. Shida haiko kwa wazo la majirani kujuana. Shida ni kile kinachotokea habari ikishatoka kwa ploti.

Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, na zaidi ya watu 60 wakauawa. IPOA ilipochunguza, ripoti yake ililaumu jinsi polisi walivyoitikia. Watu wanaweza kupiga simu usiku kucha, lakini kama hakuna anayekuja, umewafundisha nini?

Na ukiwa na habari mbaya kuhusu polisi mwenyewe? Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao waliuawa wakitoka kortini Mavoko. Kosa la mteja lilikuwa kulalamikia IPOA kwamba afisa alimpiga risasi. Mwaka 2022 mahakama iliwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na raia mmoja. Huyo raia alikuwa mtoa habari wa polisi. Kaa na hiyo kidogo. Miaka zaidi ya sitini baada ya gakunia, yule mwananchi anayefanya kazi na polisi bado alitumika dhidi ya mwananchi aliyethubutu kulalamika.

Halafu 2024. Tulienda barabarani na simu na chupa za maji. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu angalau watu 60 waliouawa, na makumi ya wengine waliotekwa. Wengine walichukuliwa kutoka kwa nyumba zao. Kila mmoja wetu alijiuliza kimyakimya: walijuaje anakoishi? Labda ilikuwa simu. Lakini swali lenyewe, kuuliza ni nani aliniuza kwa ploti, linatosha kuua Nyumba Kumi bila mtu kuifuta.

Ndiyo maana sipendi vile mpango huu hupimwa, kwa kuhesabu kamati ngapi zimeundwa na vikao vingapi vimefanyika. Hata mkoloni angepita mtihani huo, alikuwa na baraza kila mahali. Mimi ningeuliza mambo matatu. La kwanza: habari iliyopanda, jibu lake lilishuka lini? La pili: mwenyekiti wa kamati alichaguliwa na wakazi ama aliteuliwa na chifu, na kijana ama mwanamke anaweza kukalia hicho kiti? La tatu: aliyelalamikia polisi mwenyewe, bado yuko salama na analala kwake?

Kwa hivyo sitakuambia ususie. Ukisusia, kiti kinabaki na yule mzee anayehesabu saa unayoamka. Baraza likiitishwa, enda. Peleka watu watano wa rika lako. Kabla hamjaandika majina, muombe kwa heshima wasome kwanza: mwezi uliopita tuliripoti nini, kesi ngapi zilipewa namba ya OB, ngapi zilifika kortini, na ile taa ya geti iko wapi. Wakisoma, andika jina lako. Wakikataa, waambie mtaandika siku watakayokuja na majibu.