Nyumba Isiyo na Anwani: Historia Fupi ya Kuzifikia Seva za Wingu kwa Mbali, Ikitazamwa kutoka Maliba

Katika sehemu kubwa ya Uganda barua haifiki mlangoni. Huandikiwa sanduku la posta mjini, na mwenyewe, ama mtu wake, huteremka kuichukua. Mkazi wa Maliba aliyetumia sanduku la shule au la parokia huko Kasese hakuwa na anwani yake binafsi, lakini barua zake alizipata. Makala haya yanadai kwamba utaratibu huo unaeleza vizuri kuliko istilahi zetu za sasa jinsi seva za wingu zinavyofikiwa leo.

Anwani za toleo la nne la itifaki ya intaneti hazizidi bilioni 4.3. Uhaba ulionekana mapema: Februari 1996 yalitengwa rasmi mafungu ya anwani za ndani, ambazo taasisi yoyote huweza kuzitumia bila kumwomba mtu. Februari 2011 akiba kuu ya dunia iligawiwa yote kwa masajili ya kanda. AFRINIC, yenye makao Mauritius, iliingia awamu ya kwanza ya ukomo mwaka 2017 na ya pili Januari 2020. Afrika iliyochelewa kuhodhi ndiyo iliyokuwa na akiba ya mwisho.

Usalama una historia yake. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, alitunga SSH baada ya nywila kuibwa katika mtandao wa chuo. SSH ilificha mazungumzo, lakini mlango wake, namba 22, ulibaki barabarani, na kila mpita njia aliweza kuubisha. Kompyuta za kukodi za Amazon zilipoanza mwaka 2006, desturi hiyo ilihamia winguni. Dawa ya kwanza ilikuwa kuweka seva moja ya lango mbele ya nyingine zote. Nayo ikawa nyumba ya ziada ya kulindwa. Mageuzi halisi yalikuja takriban mwaka 2018: programu ndogo iliyomo ndani ya seva hutoka yenyewe kwenda kwenye huduma ya mwenye wingu, na fundi, akishathibitishwa yeye ni nani, hukutana nayo huko. Hakuna mlango unaofunguliwa kwa nje. Ndiyo safari ya kwenda sandukuni.

Kwa Kasese jambo hili si la nadharia. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo. Mgonjwa wa kwanza alipokewa Hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera. Katika hali kama hiyo mfumo wa taarifa za afya hauwezi kungoja fundi asafiri, wala majina ya wagonjwa hayawezi kuachwa nyuma ya mlango unaobishwa usiku kucha. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ilipatikana mwaka huohuo wa 2019.

Hapa lugha inatukwaza. Tunasema “anwani ya umma”, ilhali katika Kiswahili hospitali ya umma, mali ya umma na huduma ya umma ni vitu vya wananchi. Mshauri wa sera akisoma kwamba seva ya wizara “isiwe na anwani ya umma” anaweza kudhani wananchi wananyimwa huduma. Sivyo: ukurasa wanaoutumia wahudumu wa afya huwa na anwani inayoonekana, na seva iliyo nyuma yake haihitaji. Napendekeza “anwani ya wazi” na “anwani ya ndani”. “Wingu” nalo lina kasoro, kwa kuwa linaficha kwamba mashine ipo katika nchi fulani, chini ya sheria zake. Lakini limeshazoeleka mno, na sioni faida ya kupigana nalo.

Njia hii ina gharama isiyotajwa sana. Ulinzi umehama kutoka mlangoni kwenda kwenye utambulisho, na daftari la utambulisho mara nyingi hushikwa na kampuni ya ng'ambo. Januari 2021, intaneti ilipozimwa Uganda kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi mkuu, seva iliyokuwa nje ya nchi ingeendelea kufanya kazi salama huku fundi aliyeketi Bwera akiwa hana njia ya kuifikia. Mkataba wa huduma za wingu wa wilaya, kwa hiyo, hauna budi kutaja nani anashika akaunti kuu, na nani, akiwa wapi, ana ufunguo wa pili.