Pazia na Hodi

Juzi baada ya sala ya Alasiri alinijia kijana mmoja katika niliowasomesha chuoni tangu alifu, akanibusu mkono, kisha akatoa mfukoni vyuma vinne vilivyopindwa kama kulabu. Akasema: "Maalim, hivi ni vishikio vya bomba la pazia. Fundi ataka kuvitia ukutani, mimi nataka vitiwe darini. Wewe waonaje?"

Nikacheka, nikamwambia: "Mwanangu, mimi nimesoma fikihi, sikusoma useremala." Lakini aliponieleza haja yake kicheko kilinitoka. Ameoa karibuni, naye anakaa katika nyumba ya urithi pamoja na bibi yake na ndugu zake wawili wanaume. Mkewe akitaka kwenda chooni hana njia ila kupita ukumbini, na ukumbini ndiko wanakolala mashemeji. Tangu siku ya harusi mwanamke yule hajatoka chumbani usiku bila ya kuvaa buibui. Kijana ataka kuukata ukumbi kwa pazia refu, tangu mlango wa chumba mpaka mlango wa uani, na katikati ya ukumbi hakuna ukuta wa kutilia kitu. Kuna dari tu.

Basi nikaona jambo hili lina asili ndefu, na huenda wengi katika wasomaji wetu wana haja kama yake. Mtume (S.A.W.) alipowakataza wanaume kuingia ovyo kwa wanawake aliulizwa khasa habari ya ndugu wa mume, akamfananisha na mauti. Hadithi hiyo ameipokea Uqba bin Amir (R.A.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo haja ya kijana huyu si pambo la nyumba.

Tuanze Madina. Vyumba vya wake wa Mtume (S.A.W.) vilikuwa vinne vya matofali mabichi, vyenye viambaza vya makuti, na vitano vya makuti yaliyokandikwa udongo. Hasan al-Basri alisimulia kwamba alipokuwa kijana, zama za ukhalifa wa Sayyidna Uthman (R.A.), alikuwa akiingia vyumba hivyo na akizigusa dari zake kwa mkono. Milangoni palining'inizwa vitambaa vizito vya manyoya. Katika aliyoyaandika Ibn Saad imo habari ya mtu aliyelipima pazia mojawapo, akalikuta urefu wake dhiraa tatu na upana wake dhiraa moja na kitu kidogo. Dhiraa ni kutoka kiko cha mkono mpaka ncha ya kidole; basi pazia lile halikufika mita moja na nusu. Mtu mrefu angeinama apite. Mwaka 88 Hijria (707 Miladia) Khalifa al-Walid aliamrisha vyumba hivyo vivunjwe ili msikiti upanuliwe, na watu wa Madina wakalia. Said bin al-Musayyab alitamani lau vingeachwa, watu watakaokuja waone Mtume wao alikinai kwa nini.

Ama amri ya pazia iliteremka katika karamu ya harusi ya Mtume na Bibi Zainab bint Jahsh (R.A.). Wageni walikula, na baadhi yao wakakaa wakazungumza hata ikamuwia uzito Mtume, naye akiona haya kuwaambia waondoke. Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa akimtumikia, anasimulia kwamba walipokwisha toka alitaka kuingia pamoja na Mtume, na Mtume akateremsha pazia baina yao, ndipo ikashuka aya ya 53 ya Suratul Ahzab, ya kuwa wake wa Mtume waombwe haja kwa nyuma ya pazia. Anas alikuwa mtoto wa nyumbani, na siku ile pazia likamwacha nje.

Lakini si kila pazia alilokuta Mtume (S.A.W.) lilimfurahisha. Alirudi safarini akakuta Bibi Aisha (R.A.) ametundika kitambaa chenye picha, uso wake ukabadilika, akakiondoa, Bibi Aisha akakikata akakifanya mito. Katika riwaya ya Muslim alisema kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuyavisha nguo mawe na udongo. Maswahaba walilishika neno hili. Abu Ayyub al-Ansari (R.A.) alialikwa harusini na Abdullah bin Umar, akakuta ukuta umefunikwa nguo. Ibn Umar akajitetea kwamba wanawake wamewashinda. Abu Ayyub akaondoka bila ya kuonja chakula. (Wanaume wa leo nao hujitetea vivyo hivyo, ila siku hizi hapana anayeondoka na kuuacha wali.)

Hapa ndipo penye jambo ambalo nimelifikiri sana. Zamani zile nyumba nyingi hazikuwa na mapazia kabisa. Abdullah bin Busr (R.A.) anasimulia kwamba Mtume alipokwenda kwa mtu hakusimama kuukabili mlango, bali alisimama upande wa kulia au wa kushoto, akatoa salamu, na sababu yake ni kuwa milango ya siku hizo haikuwa na pazia. Tena Abu Daud amepokea kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba aliulizwa juu ya aya ya 58 ya Suratun Nur, ile inayowaamrisha watumishi na watoto kuomba ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri na baada ya sala ya Isha. Akajibu kwamba Mwenyezi Mungu ni mwenye kusitiri na anapenda sitara. Watu walikuwa hawana mapazia, na mtumishi au mtoto huenda akamwingilia mtu naye yuko na ahali yake. Wakaamrishwa kuomba ruhusa. Kisha Mwenyezi Mungu akawaletea mapazia na kheri, wala hakuona tena mtu anayeitumia aya ile.

Tazameni basi. Ibn Abbas alikufa mwaka 68 Hijria, hata karne moja haijatimia, na tayari pazia lilikuwa limeifukuza hodi. Watu walipopata kitambaa walidhani wamekwisha sitirika.

Pwani yetu hii pazia lilikuja na Uislamu, likakuta majengo yanayolifaa. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yako matundu ya vigingi kutani, na wachimbaji wameyafahamu kuwa ni pa kutundikia mazulia na vitambaa. Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi katika zilizobaki asili yake ni karne ya 18, zilijengwa kwa hesabu ya jicho. Ukiingia dakani hukioni kiwanda moja kwa moja. Unakunja kona kwanza. Mgeni mwanamume huishia sabule. Kutoka kiwanda unapanda msana wa tini, kisha msana wa juu, kisha ndani, na kila hatua unakwenda kwenye faragha zaidi. Baina ya sehemu hizi mara nyingi hapakutiwa mbao za mlango bali pazia, kwa sababu ubao huzuia upepo na kitambaa huupitisha.

Na dari za nyumba hizo ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, nao hauzidi sana mita 2.8, boriti hizo hizo za Lamu na Rufiji zilipakiwa majahazini zikaezeka nyumba za Ghuba, na vyumba vya huko navyo vikawa vyembamba kama vyetu. Nyumba yenye boriti wazi ina pa kufunga kamba au fimbo popote utakapo. Shida yetu ya leo imeletwa na zege na jipsamu: dari imekuwa laini kama sahani, wala haina pa kushika.

Nikamwambia kijana: mshike fundi wako, mwende darini. Kwa haja yako hapana njia nyingine. Na hata penye ukuta, bomba la ukutani huacha mwanya juu, na aliyepanda kiti ataona. Lakini jua kwanza dari yako ni ya nini. Ikiwa ni ya boriti, skrubu iingie katika boriti yenyewe, usiitie kwenye chokaa baina yake, kwani chokaa humeguka; na mkoko ukikauka ni mgumu kama chuma, basi litangulie tundu jembamba la keekee, ama skrubu itakatika kichwa. Ikiwa ni zege, toboa, utie plagi, kisha skrubu, na uulize kwanza waya wa umeme umepita wapi. Ikiwa ni jipsamu, gonga kwa kidole mpaka usikie sauti nzito. Hapo nyuma pana mbao, hapo ndipo pa kufunga. Jipsamu peke yake haibebi pazia. Najua, kwa sababu katika nyumba yangu tulifunga hivyo, na siku ya darsa la kina mama bomba liliwaangukia katikati ya somo. Hakuumia mtu, lakini nililazimika kugeuza uso ukutani mpaka wakajistiri.

Vishikio vinne alivyonunua havikutosha kwa mita sita. Bomba la pazia zito likikosa kushikwa kila mita moja hivi hupinda katikati, na pazia huinuka pembeni likaacha miguu wazi. Nilimwambia aongeze vitatu, achague kitambaa kisichopenya mwanga wa taa kutoka nyuma, lakini kisiwe kizito cha kuzuia pumzi, maana Kaskazi ikivuma ukumbi ule ni tanuri.

Kisha nikamwuliza: "Na ndugu zako, umewafunza kupiga hodi?" Akasema: "Maalim, si pana pazia?" Nikamrudishia maneno ya Ibn Abbas, akainamisha kichwa.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kumwamkia bibi yake. Nilisimama kando ya mlango, nikatoa salamu na hodi. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu nikasikia pete zikikokotwa juu ya bomba tangu mwanzo wa ukumbi mpaka mwisho, kisha sauti ya shemeji mdogo, mtoto wa miaka kumi na sita, akiuliza kwanza upande wa pili: "Shemeji, maalim yuko mlangoni, aingie?"