Yai, chumvi na mstari wa meli

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, turudi darasani.

Mwalimu wetu wa sayansi aliingia na glasi mbili za maji, mayai mawili na pakiti ya chumvi. Glasi ya kwanza, yai likazama. Ya pili akakoroga chumvi vijiko kadhaa, yai likaelea. Darasa zima tukapiga kelele! Kisha akaandika ubaoni: densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo. Tukanakili, tukafanya mtihani, tukasahau. Hoja yangu leo ni kwamba kusahau huko kuna gharama.

Historia yake ni ndefu. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Archimedes wa Syracuse, mji wa Wagiriki kisiwani Sicily, aliandika kitabu kuhusu vitu vinavyoelea. Alionyesha kuwa kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Ile hadithi ya kutoka bafuni uchi akipiga kelele "nimepata!" tumeipata kwa Vitruvius, Mrumi aliyeandika karibu miaka 200 baada yake, kwa hiyo tuipokee kwa tahadhari. Kanuni yenyewe haina shaka. Ndiyo inayoeleza kwa nini msumari unazama na meli ya chuma inaelea. Meli si chuma kitupu, ni chuma pamoja na hewa iliyomo ndani yake. Gawanya uzito wote kwa ujazo wote, unapata kitu chepesi kuliko maji. Ila kila gunia na kila abiria anaongeza uzito, wakati ujazo wa meli unabaki ule ule.

Kujua ni jambo moja, kutii ni jingine. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na meli zilizoitwa majeneza, kwa sababu zilijazwa kupita kiasi huku wenyewe wamezikatia bima. Zikizama, tajiri analipwa, baharia anakufa. Mbunge wa Derby, Samuel Plimsoll, aliandika kitabu cha kuwatetea mabaharia mwaka 1873, na mwaka 1875 akafoka bungeni serikali ilipouweka kando muswada wa usalama wa meli. Mwaka 1876 sheria ikapita: kila meli ichorwe alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kuzama kwake. Lakini mwenye meli ndiye aliyechagua pa kuichora! Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1890 sheria nyingine iondoe mwanya huo.

Leo alama hiyo ni duara lililokatwa na mstari, na pembeni yake kuna mistari mingine kwa maji ya aina mbalimbali. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo kama 1,025, ya maji yasiyo na chumvi kilo 1,000. Meli ikitoka baharini ikaingia mtoni, inadidimia zaidi. Ni lile yai la mwalimu, limechorwa ubavuni mwa meli.

Sasa twende Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, meli iliyoruhusiwa kubeba abiria 430, ilipinduka ikikaribia Mwanza, ikiwa na watu wengi kupita idadi hiyo. Mamia walikufa. Hapa densiti peke yake haitoshi: uzito ukikaa juu sana au upande mmoja, chombo hupinduka hata kabla ya kuzama. Lakini kilichofuata ni densiti tupu. Meli ilibaki ikielea tumbo juu, ndani yake watu wakigonga kuomba msaada. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa ikatoka, na meli ikazama. Hewa ile ndiyo iliyokuwa imeishikilia.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228, waliopona 41. Fanya hesabu mwenyewe. Mmoja wa waliopona, fundi wa mitambo, alitolewa siku mbili baadaye kutoka sehemu iliyobaki na hewa.

Sisemi walimu wangezuia ajali hizi. Nasema somo la kuelea na kuzama lisiishie kwenye yai. Mpe mwanafunzi kopo tupu la maziwa na beseni la maji. Apakie kokoto moja moja, achore mstari maji yanapofika, kisha azirundike zote upande mmoja aone. Mtoto huyo akikua akawa nahodha, mkata tiketi au abiria, atajua neno "kimejaa" lina maana gani.

Nawe ukipanda kivuko, kabla ya kutafuta siti tupia jicho ubavuni: mstari unaonekana, au umeshamezwa na maji?