Nafasi ya mwisho: nani apite, nani abaki?

Usiku wa tarehe 30 Desemba 2025, ukumbi wa kutazama mpira hapa Mokowe ulijaa hadi mlangoni. Tanzania ilikuwa imetoka sare ya 1-1 na Tunisia kule Morocco, na Feisal Salum, kijana wa Zanzibar, ndiye aliyesawazisha. Taifa Stars ilimaliza ya tatu katika Kundi C ikiwa na pointi 2. Haikushinda hata mechi moja, lakini ilipita kuingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Watu walishangilia. Kisha mzee mmoja aliyeketi nyuma akauliza swali lililozima kelele: "Kenya mwaka 2019 tulikuwa na pointi 3 tukarudishwa nyumbani. Hawa wana 2 wamepita. Hiyo ni haki gani?"

Swali hilo limekuwa likiulizwa barazani tangu siku ile. Nimeona niandike hapa jinsi nafasi ya mwisho inavyoamuliwa, nikianza na mashindano makubwa na kumalizia na madogo ya kwetu. Katika hayo ya kwetu nina deni la kulisema, nalo litakuja mwishoni.

Mfumo wa AFCON

Hadi mwaka 2017 Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa na timu 16. Makundi yalikuwa manne, na timu mbili za juu za kila kundi zilipita. Mwaka 2019, nchini Misri, timu zikawa 24 katika makundi sita. Ukichukua mbili kutoka kila kundi unapata 12, na hatua ya mtoano inataka 16. Nafasi nne zinazobaki hupewa timu nne bora kati ya zile sita zilizomaliza za tatu.

Timu hizo za tatu hazijakutana uwanjani, kwa hiyo huwezi kutazama nani alimfunga nani. Hutazamwa pointi kwanza, kisha tofauti ya mabao, kisha idadi ya mabao ya kufunga. Zikilingana kwa yote hayo, hupigwa kura ya bahati.

Kenya 2019

Harambee Stars ilikuwa pamoja na Algeria, Senegal na Tanzania. Ilifungwa 2-0 na Algeria, ikaishinda Tanzania 3-2 kwa mabao mawili ya Michael Olunga na moja la Johanna Omolo, kisha Julai 1 ikafungwa 3-0 na Senegal. Katika mechi hiyo ya mwisho kipa Patrick Matasi aliokoa penalti ya Sadio Mané, na hadi mapumziko hakuna aliyekuwa amefunga. Mabao yote matatu yaliingia kipindi cha pili.

Hesabu ikawa pointi 3, mabao 3 ya kufunga, 7 ya kufungwa, tofauti ya kutoa 4. Guinea ilikuwa na pointi 4. Kongo na Benin zilikuwa na pointi 3 na tofauti ya sufuri. Afrika Kusini ilikuwa na pointi 3 na tofauti ya kutoa 1. Hizo nne zikapita, Kenya na Angola zikabaki.

Wengi husema tulitolewa na mabao matatu ya Senegal. Si kweli kabisa. Hata tungefungwa 1-0 tungekuwa na kutoa 2, na bado Afrika Kusini ingekuwa mbele yetu. Tulihitaji sare, au tulihitaji Benin ifungwe. Siku iliyofuata Benin ilicheza na Cameroon ikatoka 0-0. Ingefungwa ingebaki na pointi 2, nasi tungepita. Kwa maneno mengine, Kenya ilitolewa na mechi ambayo haikucheza.

Je, waliopita walistahili? Benin ilikwenda kuitoa Morocco kwa penalti. Afrika Kusini iliwatoa wenyeji Misri 1-0 mbele ya mashabiki wao. Waliopenya kwa mlango wa nyuma waliwatoa wawili kati ya wakubwa wa mashindano.

Tanzania 2025, na ndugu zetu wa Komoro

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Mwaka 2025 timu tatu zilizomaliza nafasi ya tatu zilikuwa na pointi 3: Benin, Sudan na Msumbiji. Tatu nyingine zilikuwa na pointi 2: Tanzania, Angola na Komoro. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja.

Komoro ilifungwa 2-0 na Morocco, ikatoka 0-0 na Zambia na 0-0 na Mali. Ilikuwa na tofauti ya kutoa 2, na haikufunga bao lolote. Hapa pwani, ambako wengi wetu tuna jamaa Ngazija, hilo liliuma. Angola na Tanzania zote zilikuwa na kutoa 1. Lakini Tanzania ilikuwa imefunga mabao 3, Angola 2.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawakuliona. Kabla ya kukutana na Tunisia, Tanzania ilikuwa imefungwa 2-1 na Nigeria na kutoka 1-1 na Uganda. Kama mechi ya Tunisia ingekwisha 0-0, Tanzania ingelingana na Angola kwa pointi, kwa tofauti na kwa mabao. Ingebidi kura ya bahati. Bao la Feisal ndilo lililoondoa kura hiyo, pamoja na bao la Charles M'Mombwa dhidi ya Nigeria, lililofungwa katika mechi ambayo Tanzania ilishindwa. Bao la mechi ya kushindwa pia huhesabiwa, na mara nyingine ndilo linalokuvusha.

Kwa hiyo jibu la mzee ni hili: pointi 3 za mwaka 2019 na pointi 2 za 2025 haziko katika mizani moja. Hukushindana na wa mwaka mwingine. Ulishindana na watano wa mwaka wako.

Malalamiko mawili ya haki

Hata hivyo mfumo huu una kasoro mbili za kweli.

Ya kwanza, makundi hayana uzito mmoja. Anayeangukia kundi lenye Algeria na Senegal, waliokuja kukutana fainali mwaka ule wa 2019, anapimwa kwa tofauti ya mabao na mtu aliyecheza na timu nyepesi.

Ya pili, makundi hayamalizi siku moja. Kundi la Angola lilimaliza siku moja kabla ya la Tanzania. Anayecheza mwisho anajua anachohitaji, na anayecheza mwanzo anakaa hotelini kuomba dua.

Lakini tukumbuke pia mlango huu umewapa nani nafasi. Januari 2022 Komoro ilimfunga Ghana 3-2, ikapita kwa pointi 3, kisha ikacheza na wenyeji Cameroon huku beki Chaker Alhadhur akikaa golini kwa kuwa hapakuwa na kipa. Ilifungwa 2-1 tu. Mwaka 2024 Ivory Coast, ikiwa mwenyeji, ilifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta. Ikasubiri hadi Morocco ilipoifunga Zambia ndipo ikaponea kwa pointi 3. Ilibadilisha kocha, na Februari 11 ikachukua kombe kwa kuifunga Nigeria 2-1.

Zikilingana kabisa

Mwaka 2015 Guinea na Mali zilitoka sare mechi zote tatu, kila moja 1-1. Zilikwenda Malabo, kura ikapigwa, Guinea ikapita. Hakuna aliyecheza vibaya kuliko mwenzake.

Mwaka 2018, katika Kombe la Dunia, Senegal na Japani zililingana kwa pointi na mabao, na zilikuwa zimetoka 2-2 zilipokutana. Zikahesabiwa kadi. Senegal ilikuwa na kadi 6 za njano, Japani 4. Senegal ikarudi nyumbani. Ilikuwa kanuni ngumu, lakini iliandikwa kabla ya mashindano, na Senegal iliijua.

Njia ya Wamarekani: kamati

Wako wasemao tuachane na hesabu, wakae watu wanaoujua mchezo waamue nani anastahili. Hivyo ndivyo wafanyavyo Wamarekani katika mpira wa vikapu wa vyuo vikuu. Machi 2025 timu 68 za wanaume ziliingia mashindano ya taifa. Mwaka 2025, timu 31 ziliingia kwa kuwa mabingwa wa ligi zao, na 37 zilizobaki zilichaguliwa na kamati ya watu 12.

Kamati ina vipimo: nani ulimshinda, wapi, na alikuwa na nguvu gani. Kumshinda mkubwa ugenini kuna thamani kuliko kumshinda mdogo nyumbani. Kwa njia hiyo wanajaribu kuitibu kasoro ya kwanza niliyoitaja. Timu zilizo ukingoni huambiwa ziko juu ya povu, kwa maana povu hupasuka wakati wowote. Tangu 2011 baadhi yao huanza na mechi za awali mjini Dayton, na mwaka huo huo VCU ilianzia huko ikafika nusu fainali ya taifa.

Lakini je, kamati iliondoa ugomvi? Mwaka 2025 North Carolina ilikuwa timu ya mwisho kuchaguliwa, ingawa dhidi ya timu za daraja la juu kabisa ilikuwa imeshinda mechi 1 kati ya 13. West Virginia ikaachwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bubba Cunningham, mkurugenzi wa michezo wa hiyo hiyo North Carolina. Kanuni ilimtaka atoke chumbani timu yake inapojadiliwa, na ilielezwa kwamba alitoka. Hata hivyo gavana wa West Virginia aliitisha wanahabari kulalamika.

Funzo ninaloliona ni kwamba hesabu inaweza kumwonea mtu, lakini haina mpwa wala mjomba. Kamati inaweza kuona ambacho hesabu haioni, lakini watu watauliza daima nani alikuwa chumbani.

Na sisi je?

Hapa ndipo lilipo deni langu. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika kamati ya mashindano ya vijana hapa kwetu. Timu 12, makundi matatu, wawili wa juu wanapita pamoja na timu mbili bora za tatu. Zawadi ilikuwa seti ya jezi na mipira, na kwa kijana anayechanga mafuta ya mashua kutoka mfukoni mwake, hiyo si zawadi ndogo.

Timu moja kutoka kisiwa cha Pate ilichelewa mechi yake ya mwisho kwa dakika 50. Walikuwa wamekwama Mkanda wakingoja maji yajae. Tuliokuwa mezani tukasema hawakufika, tukawapa wapinzani ushindi wa 3-0. Nahodha wao aliposhuka gatini alinijia, akasema kwa adabu, "Ami, maji hayafuati ratiba yenu."

Walikuwa wameshinda mechi moja 2-0 na kufungwa nyingine 2-1. Kwa zile 3-0 wakamaliza na pointi 3 na tofauti ya kutoa 2. Timu iliyopita mahali pao ilikuwa na pointi 3 na kutoa 1. Bao moja, na lilikuwa bao la karatasi.

Mmoja wao aliuliza, "Hiyo sheria ya 3-0 imeandikwa wapi?" Haikuandikwa popote. Tuliifuata kwa kuwa tumeisikia kwingine. Na jambo ambalo sikulisema siku ile ni kwamba timu iliyopita ilikuwa na mpwa wangu. Sikutoka chumbani. Niliinua mkono pamoja na wenzangu. Huenda bila mkono wangu uamuzi ungekuwa ule ule, lakini vijana wale hawana njia ya kulijua hilo, wala mimi sina.

Mwaka uliofuata timu ile haikuja. Wenzangu walisema wamesusa. Mimi nasema walikuwa na haki.

Ninachopendekeza

Asiyekubali kushindwa si mshindani, ndivyo tuambiwavyo. Lakini mshindani naye ana haki ya kujua ameshindwa kwa kanuni gani. Kwa yeyote anayeandaa mashindano upande huu wa Amu, iwe Hindi, Mpeketoni, Shela au Faza, naomba mambo manne.

Kwanza, andikeni karatasi moja kabla ya mechi ya kwanza: pointi, tofauti, mabao, kadi, kura, kwa mpangilio huo au mwingine mtakaokubaliana. Kila nahodha atie sahihi na abaki na nakala.

Pili, timu zinazovuka Mkanda zipangiwe mechi kwa saa za maji, si kwa saa ya ukutani tu. Na iandikwe timu ingojewe muda gani kabla ya kuhesabiwa haikufika.

Tatu, mechi za mwisho za kundi moja zichezwe saa moja ikiwa viwanja vipo.

Nne, mwenye jamaa katika timu inayojadiliwa atoke nje, na iandikwe kwamba alitoka.

Mwaka 2027 AFCON imepewa Kenya, Tanzania na Uganda. Mfumo ukibaki huu wa timu 24, tutakaa tena ukumbini na kalamu tukihesabu nani wa tatu ni bora kuliko nani. Tutalalamika, kama kawaida. Ila ya CAF imeandikwa. Ya kwetu ndiyo bado, na karatasi ile ya kwanza niko tayari kuiandika mimi, kisha nitoke chumbani.